Mama Mdogo Aonje Kwanza

Paka wa jirani yetu alipopotea, hakuna aliyehangaika kumtafuta. Mtaa mzima wa Keshero ulikuwa umeshaamua kwamba ameishia kwenye jiko la mama mdogo wangu. Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, huchoma michopo, yaani mishikaki ya mbuzi, mbele ya nyumba yake. Mshitaki alikuwa mwenye paka mwenyewe, muzee mmoja ambaye ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa kuliko wote.

"Ile ya juzi ilikuwa laini sana!" alipiga kelele mbele ya watu. "Mbuzi ya Rutshuru haiwezi kuwa laini vile. Ni paka yangu!"

Kilichomuuma mama mdogo zaidi ni kwamba tangu aanze kuchoma nyama, hakuna aliyewahi kumsifia ulaini. Wateja wakahama. Yeye akabaki anapepea makaa yasiyo na kitu juu yake, na mimi niliona uchungu kweli.

Ninafanya kazi kwenye maabara ndogo ya wanyama. Kila mnyama ana kipande kifupi cha DNA kinachotambulisha aina yake, hata akiwa ameshakatwakatwa na kutiwa pilipili. Kipande hicho kinasomwa kwa mashine, halafu kinalinganishwa na vya wanyama wanaojulikana. Nikawatangazia majirani, kifua mbele, kwamba sayansi ndiyo itakayosema. Muzee akakubali kungoja.

Nikaenda kwa mama mdogo na glavu na kichupa safi. Nilimwachia achague kipande mwenyewe kwenye nyama iliyobaki ya siku ile, nikageuka kidogo kutafuta kifuniko kwenye mkoba. Nilipogeuka tena, nyama ilikuwa ndani ya kichupa. Nikafunga, nikaondoka.

Jibu la mashine lilipofika kwenye simu yangu, halikusema mbuzi wala paka. Lilisema binadamu.

Nikaanza kuwakumbuka jamaa zetu ambao hatujawaona siku nyingi. Mjomba mmoja aliyeaga kwamba anaenda Butembo, nikampigia simu. Akapokea. Nikamshukuru Mungu, nikakata, nikakimbilia Keshero.

"Mama, ile nyama uliifanya nini mbele ya kuitia ku kichupa?"

"Nilionja."

"Ulionja?"

"Sasa mutoto yangu, mi naweza kukupa kitu bila kuonja? Watu watasema niko nakupa sumu!"

Ndivyo tulivyo huku kwetu: anayekupa chakula hutangulia kuonja, ujue hakina sumu. Alikuwa amemega kwa meno, akanitilia kilichobaki. DNA ya nyama ilikuwa imeharibiwa kiasi na moto, mate yake yalikuwa mabichi, basi mashine ikamsoma yeye.

Mara ya pili nilikata nyama ileile mwenyewe. Nilimwamuru azibe mdomo kwa kiganja, naye akatii huku akinung'unika kwamba ninamwaibisha nyumbani kwake. Jibu likaja: mbuzi.

Nililisoma kwa sauti mbele ya mtaa wote, kwanza kwa Kilatini ili wanyamaze, kisha kwa Kiswahili. Watu wakapiga makofi. Muzee akavua kofia, akaomba msamaha, na mama mdogo akamnyooshea mchopo wa moto. Muzee akautazama. Akaitazama simu yangu. Akaurudisha.

"Sayansi ni muzuri, mama. Lakini onja kwanza."

Mama mdogo akamega, akatafuna taratibu huku amemkazia macho, akameza. Ndipo muzee akala mpaka akalamba kijiti, na wengine wakajipanga nyuma yake, kila mmoja akitaka wake uonjwe.

Nilikasirika. Kazi yangu yote ile imeshindwa na meno ya mama mdogo! Nilikuwa bado nimenuna aliponiletea wangu, unachuruzika mafuta. Njaa iliniuma, jibu la maabara lilikuwa mkononi mwangu, na bado nilisimama nimeushika mchopo, namngoja aonje.