Kigali 1990: daftari langu la vipimo na maombi ya wateja

Wakuu, habari za humu jukwaani.

Juzi kuna kijana alianzisha uzi, anauliza kama inafaa kuchanganya kazi ya Mungu na biashara. Anataka kufungua saluni ili awahubirie wateja wake. Mkamjaza sifa, "wazo zuri sana mkuu", "Mungu akutangulie". Mimi nikaandika comment, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nimeona nifungue uzi wangu mwenyewe.

Haya yalinipata mimi. Majina nimebadilisha, mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa, hata yale ya kuniaibisha. Wenye haraka mnisamehe, ni ndefu kidogo.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Kigoma. Mwanzoni mwa 1990 kanisa letu dogo lilinituma Kigali kama mmisionari. Msicheke. Umisionari wenyewe ulikuwa nauli ya kwenda, Biblia mbili na cherehani moja ya kukanyaga. Mchungaji wangu aliniambia sindano itanilisha, na injili nitaihubiri humo humo dukani.

Nikapanga chumba cha barabarani kule Nyamirambo. Wanaoijua Kigali ya zamani wanajua, Nyamirambo Kiswahili kilikuwa kinasikika kila kona. Ukuta mmoja na mimi alikuwepo Mzee Saidi, fundi kama mimi, Mwislamu, babu yake aliingia Rwanda na wafanyabiashara wa pwani. Nilitegemea tutagombania wateja. Siku ya kwanza tu alinipa mkaa wa pasi, tukawa ndugu.

Sasa, mbinu yangu ilikuwa hii.

Nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Ukurasa wa kushoto naandika namba ya mteja, jina lake, mtaa anaoishi na vipimo vyake. Ukurasa wa kulia naandika ombi lake. Kila mteja nikishamaliza kumpima namuuliza, "Nikuombee nini?" Akisema, naandika mbele yake, aone kabisa kwamba nimeandika.

Ile namba naiandika mara mbili kwenye kikaratasi, nakikata katikati. Kipande kimoja nakibana kwenye nguo kwa pini, kingine mteja anaondoka nacho. Kwenye nguo hakuna jina, ni namba tu. Jina liko kwenye daftari. Hilo mlishike, litakuja kuwa na kazi.

Wakuu, ile kitu ililipuka. Watu wana mizigo mioyoni, na ukimpima mtu, amesimama ameinua mikono, umemzungushia futi kifuani, ukimuuliza kwa upole anamwaga yote. Wakristo walikuja, Waislamu walikuja. Nikaanza kujulikana kama "yule fundi anayeombea". Kila Ijumaa mchana nafunga mlango, napiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, nasoma jina moja moja na mtaa wake. Bwana, umkumbuke fulani wa Kacyiru. Bwana, umkumbuke fulani wa Biryogo.

Kila mwezi nampelekea mchungaji ripoti ya watu niliowaombea. Anajibu kwa furaha, anasoma barua zangu mbele ya kanisa, anasema mwezi ujao waongezeke.

Na hapa niseme ukweli wangu. Kufikia Agosti nilikuwa naandika ili ripoti inone. Mteja anaongea, mimi uzi uko mdomoni, jicho liko kwa mteja anayefuata. Zile Ijumaa zenyewe nilianza kuzifupisha, nasoma kurasa za mwanzo, za mwisho naziombea kwa jumla.

Mzee Saidi aliniambia siku moja, "Bwana mdogo, wewe unaandika sana." Nikadhani ana wivu.

Kati ya wateja wangu wa mwanzo alikuwepo Mama Claudine, mjane, mfagizi wa ofisi moja kule Kacyiru. Namba yake 41. Alileta kitenge cha gauni la harusi ya mdogo wake ya mwisho wa mwaka, akawa analipa kidogo kidogo. Nilipomuuliza ombi, alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, kijana yangu Eric alienda Uganda. Iko jeshi ya kule. Uniombee arudi muzima."

Nikaandika hivyo hivyo. Jina la mama, mtaa, na kwamba mwanawe Eric yuko jeshini Uganda.

Mteja mwingine alikuwa Sajenti mmoja wa jeshi, nilimshonea suti. Wakati ule jeshi halikutaka askari wake waoe Watutsi, naye mkewe alikuwa Mtutsi, alificha. Aliniomba niombe wakubwa wake wasijue. Nalo nikaliandika, yeye amesimama pembeni ananitazama nikiandika.

Mnaona nilichokuwa nakijenga? Mimi sikuona.

Oktoba vita ikaanza. Wapiganaji waliingia kutokea Uganda, wengi wao ni Watutsi waliokulia ukimbizini, waliokuwa wanajeshi wa kule. Siku chache baadaye Kigali ikalia risasi, na kulipokucha kamatakamata ikaanza. Watutsi, na yeyote anayeshukiwa kuwa na ndugu upande ule. Redio inawaita ibyitso, yaani wasaidizi wa adui. Watu wanajazwa uwanja wa mpira, pale pale Nyamirambo, kutwa wako juani. Kutoka dukani kwangu unasikia magari yanapita yamewabeba.

Asubuhi ya tatu Mzee Saidi aliingia kwangu bila hodi. Hakukaa.

"Lile daftari. Lichome sasa hivi, mkaa huo hapo kwenye pasi."

Nikamwambia Mzee, haya ni maombi ya watu, siwezi kuyachoma. Na nguo saba zimening'inia hapa zina namba tu, nikilichoma nitajuaje ni za nani? Na ripoti ya mwezi bado.

Ndiyo, wakuu. Nilimtajia ripoti. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akarudi kwake.

Maneno yake yalinichoma lakini. Nikatafuta njia ya katikati, nichane tu zile kurasa za hatari. Nikachukua wembe ninaofumulia nguo, nikafungua daftari mezani. Sijachana hata moja, mlango ukaziba mwanga. Sajenti, na askari wawili nyuma yake.

"Amakuru, fundi," akanisalimia kwa Kinyarwanda. "Ile kitabu ya maombi iko wapi?"

Lilikuwa mbele yangu, wazi, na wembe juu yake. Sikuwa na uongo wowote tayari, mimi mtu wa kushuhudia kweli kila siku.

Akalichukua. Akawaacha wenzake mlangoni, akasimama dirishani anafunua taratibu, kidole kinafuata mistari. Kiswahili alikisoma kwa shida, akifika kwenye jina anasimama. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa kichwani. Ya ishirini. Ya thelathini.

Ndipo Mama Claudine akaingia na kikaratasi chake mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua gauni.

Mnajua kuna kuogopa ambako mwili unakuwa baridi mpaka ulimi? Nilitaka kumpa ishara, shingo ikagoma. Sajenti akainua macho.

"Wewe, jina yako nani?"

Yule mama akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, sauti ikatoka nyuma yake, ya Mzee Saidi, ya ukali kabisa:

"We Mama Zuhura, mara ngapi nikwambie duka langu ni la pili? Kila siku unaingia kwa huyu mlokole! Nguo yako imekaa wiki mbili, njoo uitoe." Akamshika mkono kama anayemburuta mdaiwa, akatoka naye. Askari wa mlangoni wakacheka, wakawapisha. Baadaye nilijua alimvisha mtandio wa mkewe na kumtoa kwa mlango wa nyuma.

Sajenti naye alitabasamu kidogo, akarudi kwenye daftari. Akaufikia ukurasa aliokuwa anautafuta. Nilimwona akiusoma, midomo inachezacheza. Wenzake walikuwa wanatazama barabarani. Akauchana polepole usitoe sauti, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati.

Nikashusha pumzi. Nikajua amekuja kuficha siri yake tu, basi yameisha.

Akalifunga daftari, akaliweka kwapani.

Nikamwambia, "Sajenti, nakuomba, humo kuna vipimo vya watu." Akanijibu bila hasira, "Wakubwa wanajua iko kitabu, fundi. Wewe ulitangazia kila mutu. Nikirudi mikono tupu, wataniuliza mimi." Akaenda.

Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti. Nililia kwa woga na kwa hasira, nyingi ya hasira ilikuwa yangu juu yangu. Watu waliniamini na siri zao nikazipanga kwa namba na anuani, nikazipeleka mlangoni kwa wanaowatafuta.

Mzee Saidi aliporudi hakunisema. Aliuliza jambo moja tu: "Unawakumbuka?"

Nikafumba macho. Na nikawakumbuka, wakuu. Wale niliowaombea zile Ijumaa za mwanzo, jina na mtaa, walikuja mmoja baada ya mwingine kama nasoma. Bwana, umkumbuke fulani wa Biryogo. Walioniambia habari za ndugu ng'ambo ya mpaka walikuwa wanane ninaowakumbuka. Mzee alichukua wa karibu, mimi wa mbali.

Nilifunga nguo sita kati ya zile saba kwenye magazeti, nikatoka kama fundi anayepeleka kazi kwa wateja. Kwenye vizuizi wananifungulia kila furushi, wanatikisa gauni, wanaangalia pasipoti yangu ya Tanzania, wananiachia. Nikifika nyumba ya mtu nampa furushi hata kama nguo si yake, namwambia, "Ombi lako limechukuliwa. Ondoka leo." Wengine walielewa kabla sijamaliza. Mmoja alinitemea mate usoni, na nilistahili. Wote wanane walipata habari kabla jua halijazama.

Niliporudi dukani ilikuwa imebaki nguo moja tu ukutani. Suruali ya bluu, ya mtu mrefu mwembamba. Namba 63.

Nikakaa mbele yake. 63 ni nani? Nilikumbuka kitambaa, nilikumbuka alitaka mifuko miwili nyuma. Nilikumbuka ilikuwa Agosti, duka limejaa, nikamuuliza ombi huku nakata kola ya mwingine, akasema jambo refu, nikaandika mstari mmoja. Jina halikuja. Mtaa haukuja. Nilipiga magoti nikaomba nikumbushwe, mimi ambaye sikuwahi kumtaja hata mara moja.

Nikajipa moyo. Labda ombi lake lilikuwa la kazi tu, au la tumbo. Si kila mtu alikuwa na siri.

Siku tatu zikapita.

Ya nne akaja mwanamke kijana, ametembea kutoka Gisozi, vumbi mpaka magotini. Akanyoosha mkono, kiganjani kuna kikaratasi. 63.

"Bwana yangu walimuchukua juzi. Walikuja na jina yake wameandika. Alisema suruari yake iko hapa, imeisha."

Sijui mpaka leo kama jina lilitoka kwenye daftari langu au kwa jirani yake. Siku zile majina yalitoka kila mahali. Nilimfungia suruali. Gazeti likachanika mara mbili.

Akaipokea, lakini hakuondoka. Akasema, "Fundi, aliniambia ulimuandika ombi. Alifurahi sana siku ile. Hakutaka kuniambia aliomba nini. Aliomba nini?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini nilikuwa mtumishi, mtumishi ana neno la faraja siku zote, tena nilikuwa nimezoea.

Nikamwambia, "Aliwaombea nyinyi. Wewe na watoto."

Akakishusha kikapu chake chini.

"Sisi hatuna mutoto, fundi. Miaka saba."

Akaweka suruali kwenye kikapu, akaenda zake. Hakugeuka.

Desemba nilirudi Kigoma. Mzee Saidi aliniandikia mara mbili, akasema Mama Claudine yuko kwa shangazi yake mkoani, ni mzima. Habari za mume wa Gisozi hakuzipata. Baada ya 1994 barua zangu kwake hazikujibiwa tena, na nimeogopa kuuliza.

Bado ni fundi, na bado ni mlokole. Ila nikipima mtu naandika vipimo tu. Akianza kuniambia la moyoni naweka mkasi chini, nasikiliza mpaka amalize, na haliendi popote kwenye karatasi.

Kijana wa saluni, kama unasoma, fungua saluni yako. Sikukatazi. Ila siku utakapoona maumivu ya wateja yanakuletea wateja wengine, funga hata wiki nzima ujiulize unamtumikia nani.

Karibuni wakuu, maoni, maswali, hata matusi nitapokea. Waliokuwa Kigali miaka ile mnisahihishe nilipokosea. Ombi langu ni moja: asije mtu kunifariji kwamba Mungu alilijua ombi la yule bwana. Najua alilijua. Ila mkewe aliniuliza mimi.