Upande wa Kushoto wa Mlango

Sitazunguka. Nilimwonea wivu binti wa baba yangu mkubwa, na wivu wenyewe ulianzia kwenye mchezo wa kompyuta.

Ni ule mchezo wa kujenga nyumba na kuwaweka watu waishi ndani yake. Tuliucheza sote wawili mjini Homa Bay, kila mtu kwao, baada ya kumaliza kidato cha nne. Kompyuta yangu ilikuwa mpya. Yake ilikuwa kuukuu, imetolewa ofisini kwa baba yake, inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Kisha nyanya yetu akaja kutoka Karungu kutibiwa mguu, akafikia kwao, na mwenzangu akamjengea boma lake ndani ya mchezo: nyumba ya mabati, uwanja, na upande wa kulia wa mlango kaburi la babu, kama lilivyo kweli. Kila alasiri nyanya aliketi pale akilitazama. Nilipoenda kumsalimu aliniitikia macho yakiwa kwenye kioo. Roho iliniuma, sifichi.

Nikaamua kumjengea boma la kulizima lile. Mchezo huo unakubali vitu vya nyongeza ambavyo wachezaji wenyewe hutengeneza na kuviweka mtandaoni. Unapakua, unatia kwenye folda, basi. Nilipakua wiki mbili mfululizo: ng'ombe, kuku, mitungi, nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, maua ya kila rangi, hata mitindo ya nywele mia na kitu, ilhali nyanya mwenyewe alikuwa akifunga kitambaa. Kila nikikumbuka amekaa kule, napakua tena.

Kompyuta ikaanza kulemewa. Mchezo husoma kila faili kabla ya kufunguka, hata zile nywele ambazo hakuna atakayezisuka. Ikawa nikiufungua, naweza kusonga ugali na kuupakua kabla mchezo haujawa tayari. Mtu wa ndani ya mchezo akiinua mguu, mguu unabaki hewani. Ng'ombe wakawa wekundu, hawana macho. Dawa nilikuwa naijua: unatoa nusu ya faili, unajaribu, unagawa tena nusu, mpaka umpate mkorofi. Lakini kila nikitaka kufuta kitu nilijiuliza kama mwenzangu anacho, nami nikakirudisha.

Siku nyanya alipokubali kuja kwetu, nilimkalisha kwenye kiti chenye mto na kumpa chai. Nikafungua mchezo. Tukangoja. Akamaliza chai, akauliza habari za mama, akaziuliza tena, kisha akasinzia. Mimi nikajitia kupangusa vumbi kwenye kioo.

Hatimaye boma likatokea, picha ikienda kwa kurukaruka. Nikamwamsha. Alisifu kuku. Kaburi la babu sikulisahau, tena nilikuwa nimelizungushia maua, naye akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu kidole chake kikahamia upande wa kushoto wa mlango, ambako kwa mila yetu ndiko anakozikwa mke mwenye nyumba. Hapo nilikuwa nimepanga tangi la maji, gari, na mitungi kumi na miwili.

"Nyakwara," akaniambia kwa upole, jinsi alivyokuwa akituita sisi wajukuu wake, "na mimi utaniweka wapi?"

Nikashika kipanya haraka niondoe mitungi. Kompyuta ikaganda. Nyanya akangoja tena kidogo, kisha akaniomba nimrudishe kwa baba mkubwa.

Nikamsindikiza. Kwenye ile kompyuta kuukuu boma lilikuwa wazi tayari, na kushoto kwa mlango palikuwa na nyasi tupu. Nyanya akavuta kiti chake, akaketi.

Sasa amelala Karungu, upande huo huo wa kushoto. Bado najiambia kwamba mwenzangu aliacha nafasi ile kwa sababu kompyuta yake isingebeba kitu kingine. Sijawahi kumwuliza. Naogopa atasema alijua.