Kadi ya Majaribio

Bi Kamera, ndivyo wateja walivyozoea kumwita, alikuwa na somo moja aliloliimba mpaka wapiga video wenzake wakamchoka: nakili kwanza, fungua utazame, ndipo ufute. "Msikate na kubandika jamani," angewaambia, "kadi ya kamera haina huruma na mtu." Wenzake wakicheka, yeye ananuna. Basi hebu tazameni aliyoyafanya mwenyewe.

Aliitwa nyumbani kwa Dalali. Huyu mzee alinadi mitumba sokoni tangu ujana wake, na sauti yake ilikuwa ikivuta watu hata kama hawana haja ya shati. Sasa koo lilikuwa limeota uvimbe mbaya. Madaktari hawakumficha: kesho wangemtoa kisanduku cha sauti, apone, lakini kusema ndiyo basi tena. Binti yake alikuwa mjamzito. Kuandika Dalali hakujua, na alitaka jambo moja tu, mjukuu aje aisikie sauti ya babu yake.

Bi Kamera akatega taa, akambania mzee maiki kwenye kola, akachomeka kikadi chake kikuukuu cha kujaribia sauti. Hakupenda takataka za majaribio zichanganyike na kazi ya mteja.

"Haya mzee, niambie asubuhi umekunywa nini."

Dalali akaanza kulalamika. Bi Kamera hakumsikiliza hata kidogo, macho yake yalikuwa kwenye vile vistari vya sauti vinavyopanda na kushuka. Vilipokaa sawa akachomoa kikadi, akaweka kadi kubwa, na hapo ndipo mzee alipozungumza na mjukuu wake. Alizungumza mpaka mkewe akatoka nje kwenda kulia.

Jioni ile kulikuwa na harusi ya kupiga. Bi Kamera alifika studio, chumba kimoja nyuma ya duka la simu, anahema, akaingiza kadi kubwa kwenye kompyuta, na mkono ukafanya kile kile ambacho mdomo ulikikataza kila siku. Akakata, akabandika, ili kadi iwe tupu upesi. Mstari wa kijani ulionekana umefika mwisho. Kitaa cha kadi kilikuwa bado kinapepesa, lakini nje gari la maharusi linapiga honi na simu nayo inaita. Akaichomoa hivyo hivyo! Hakufungua kitu. Akaifuta yote ndani ya kamera, akaenda akarekodi juu yake keki, vigelegele na wajomba wasiojua kucheza, mpaka kadi ikajaa pomoni.

Alipokuja kukaa aanze kazi ya Dalali, mzee alikuwa ameshapasuliwa. Faili lilikuwapo kwa jina tu. Ukubwa: sifuri.

Akalifungua tena, na tena, kana kwamba kompyuta ingemwonea huruma. Akatia programu ya kurudisha vilivyofutwa, ikamrudishia bibi harusi. Akairudia, ikamletea wajomba. Akakimbilia kwa fundi wa kompyuta, akamshika mkono kabisa.

"Kaka, nakuomba. Hata nusu yake."

"Dada, umesharekodi juu yake. Hapa hakuna cha kuokota."

"Hata sauti tu?"

"Hata sauti. Pole sana."

Mimi ningekuwapo ningemzaba kofi, ila alishajizaba mwenyewe mbele ya watu. Alirudi studio, akajifungia, akalia kwa kwikwi. Aseme kamera imeibiwa? Ahame mji? Akaumwaga mkoba sakafuni, akipekua kila mfuko bila kujua anatafuta nini, na kikadi kikuukuu kikaanguka. Akakinakili kwanza. Akafungua, uso wa Dalali ukatokea, akazima hapo hapo. Kusikiliza peke yake hakuweza.

Nyumbani kwa Dalali alisema kweli yote, amepiga magoti. Mzee alikuwa kitini, shingo imefunikwa kitambaa. Mkewe ndiye aliyeuliza.

"Yote imepotea?"

"Yote, mama. Kosa ni langu. Kimebaki hiki kipande cha majaribio."

"Na huyo mtoto nitamwambia nini?"

Bi Kamera akawageuzia kioo cha kamera. Akabonyeza.

"Chai? Ile nayo chai?" Sauti ya Dalali ikajaa sebule. "Mama watoto kanipa maji ya moto yaliyopita karibu na majani! Haya wateja, nani anaanza? Chai bila sukari, chukua bure, lakini mpishi siuzi ng'o! Maana huyu mwanamke, mwanangu, siku ya kwanza nilipomwona, nilijisemea moyoni—"

"Basi mzee, inatosha. Sauti ipo."

Ilikuwa sauti ya Bi Kamera. Kioo kikawa cheusi.

Mama alikuwa bado anacheka habari ya chai. Kicheko kikakatika. Akamgeukia mumewe. "Ulijisemea nini, baba watoto?"

Dalali akafungua kinywa. Midomo ilicheza, pumzi ikatoka kwa mluzi kwenye tundu la shingoni, chini ya kitambaa, basi. Mkewe akamsogelea karibu zaidi, akatazama midomo ile, asiambulie neno. Mzee akapiga paja lake kwa ngumi.

"Rudisha," mama akasema.

Bi Kamera akarudisha. Wakaisikiliza tena, na tena, na kila ilipofika pale kwenye moyo alimwombea yule mwanamke wa kwenye kamera afunge mdomo wake.