Kamera ya Dorothea Iliyosuguliwa

Mmenishika na hii habari tangu Pasaka. Kila baada ya misa, "Bibi, tuandikie ya Dorothea," kama vile mikono yangu imezoea kalamu. Haya. Nikikosea herufi mtazitafuta wenyewe.

Dorothea wa hapa Alief, huku ughaibuni, ni mjane wa Gelasius, aliyekuwa na studio ya picha Bukoba. Marehemu alimwachia kamera ya Kiingereza, ya mbao na shaba, ile ya kupiga kwenye sahani za kioo, mpiga picha kajifunika kitambaa cheusi kichwani. Maisha yake yote Gelasius alisema ile ni mali. Nduguze wakamcheka: mali gani, sanduku la kuni. Dorothea akaapa iko siku atawafunga midomo.

Ndipo akasikia habari za Wilfred wa Missouri City, kijana wa nyumbani anayekadiria bei za kamera za namna hiyo kwa ajili ya wazungu wa Dallas na Fort Worth wanaokusanya vya kale. Akampigia simu. Wilfred akasema atakuja Jumamosi.

Sasa unajua mwenyewe, kwetu kitu hakionyeshwi mgeni kikiwa na vumbi. Siku tatu Dorothea alisugua. Shaba akaipiga majivu na ndimu mpaka ikawaka. Mbao akazipitisha msasa, akapaka vanishi mara mbili. Kile kibati cheusi chenye jina la fundi wa London akakikwangua hadi nusu ya maandishi ikaondoka.

"Shikamoo, mama," Wilfred akaingia. Alipoiona kamera akapitisha kidole kwenye kile kibati. Halafu: "Nani kaifanya hivi?"

"Mimi. Nani mwingine ana mikono humu?"

"Wanunuzi wanataka rangi yake ya zamani, mama. Ule weusi ndio walikuwa wanaulipia."

"Uchafu?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, wewe leo hukunywa chai."

Wilfred hakucheka. Miaka arobaini Dorothea alimgombeza Gelasius kwa kuacha alama za vidole vyenye dawa ya kusafishia picha kwenye mbao zile. Kumbe aligombeza mali? Na shemeji zake je, walisema kweli tangu zamani, au yeye na msasa wake ndio wamewapa ukweli? Hakujua amkasirikie nani.

"Imekufa?"

"Haijafa. Wapo wanaonunua kwa historia. Nipe picha moja tu iliyopigwa na kamera hii, yenye muhuri wa studio nyuma, nitaiandikia bei ya heshima."

Dorothea akafungua kabati, akafunga, akafungua tena. Hakuna. Gelasius alipiga mji mzima, na mji mzima ukaondoka na picha zake. Hata ya harusi yao alipiga mtu mwingine kwa kamera yake mwenyewe, maana yeye ndiye alikuwa bwana harusi.

Wilfred akaacha karatasi yake mezani, mahali pa bei pakiwa patupu. Bado ipo pale.

Basi wewe unayesoma, usikae tu. Fungua albamu ya bibi yako. Ukiona watu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, nyuma kuna muhuri wa Gelasius, ilete Alief kwa Dorothea. Na ole wako ukiipangusa.