Swali Nililomjibia Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa kusemea watu. Tangu utotoni, mgeni akimuuliza mdogo wangu anaitwa nani, mimi ndiye nilikuwa najibu. Mama alikuwa ananigombeza, "Wewe, kwani mwenzako hana mdomo?" Alikuwa nao, ila wangu ulikuwa unawahi. Mpaka leo mteja akiingia hapa kwangu Ilembo ninaposhona, namchagulia mshono kabla hajakaa. Kwa tabia hiyo hiyo nilimponza mdogo wangu wa kike mbele ya daktari.

Tulikaa watatu kwenye chumba kidogo cha kliniki ya afya ya akili, hapa mjini Mpanda. Mdogo wangu katikati, mumewe kulia, mimi kushoto. Ilikuwa Julai, naye alikuwa na mwezi mzima amelala anatazama ukuta. Kuoga mpaka avutwe, kula vijiko viwili, mtoto mdogo akilia yeye hageuki. Shemeji ndiye aliyemtoa kijijini kwao Mamba kumleta kwangu, nami nikasema hospitali, leo hii hii.

Daktari alikuwa mama mpole mwenye fomu ndefu. Alituambia neno ambalo halijanitoka.

"Malaria ina kipimo. Huu ugonjwa hauna damu ya kupima wala picha ya kupiga. Mimi naangalia dalili: zipi zipo, zimeanza lini, zimekaa muda gani. Ndipo najua niuite jina gani na nitoe dawa gani. Kwa hiyo kipimo changu ni nyie."

Akaanza kuuliza. Usingizi? Chakula? Anawaza kufa? Mdogo wangu alijibu kwa kichwa. Kisha daktari akauliza, "Kabla ya hapa, kuna kipindi alikuwa na nguvu kupita kawaida? Halali na hachoki, anaongea bila kituo, ana mipango mikubwa mikubwa?"

Mdogo wangu akainua macho, akafungua mdomo. Nikawahi.

"Hapana, daktari. Huyu ni mchapakazi tu, tangu zamani."

Nilijua ninachoficha.

Januari ya mwaka huo, shemeji akiwa machimboni anatafuta dhahabu, nilikwenda Mamba kwa ajili ya majaruba yangu. Ninayo manne, niliachiwa na baba, na kila mwaka nahangaika kupata watu wa kupandikiza mpunga. Mwaka ule sikuhangaika. Mdogo wangu alinipokea njiani anacheka, akasema atapandikiza yote yeye. Na akapandikiza, jamani! Jua halijatoka yuko ndani ya maji, giza likiingia hatoki. Anaimba nyimbo za kwaya, anakatisha katikati, anaanza kunieleza jinsi atakavyolima bonde lote na kukijengea kigango chetu kanisa la tofali za kuchoma. Majirani wakamtania, wakamwita trekta. Nikacheka nao. Nilijivunia, haki ya Mungu, utadhani mimi ndiye niliyemuumba.

Siku ya sita nilimpelekea soda. Alikuwa hajalala tangu siku ya pili. Nilijua, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na mkeka wake haukukunjuliwa. Macho mekundu, midomo imepasuka, anaongea na mimi huku haniangalii. Moyo ukaniambia kabisa, huyu si mzima. Lakini jaruba la nne lilikuwa limebaki nusu.

"Malizia, mdogo wangu," nikamwambia. "Umebakiza kidogo tu."

Akamalizia. Miche yake mwenyewe ilikuwa bado kitaluni, imezidi umri, inageuka njano. Shamba lake mwaka ule halikupandwa. Langu lilitoa mpunga kuliko miaka yote.

Sasa ningemwambia nini daktari, na shemeji kakaa pale pale? Ningesema ndiyo, swali la pili lingekuwa, na wewe uliyemwona ulifanya nini? Nikasema hapana. Nilikuwa kama mtu anayepeleka maabara mkojo wa jirani.

Daktari akaandika sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa maneno niliyompa, asingeandika kingine. Mdogo wangu akapewa dawa, na baada ya wiki kadhaa akaoga mwenyewe, akapika, akambeba mtoto. Tukamshukuru Mungu, akarudi Mamba, mimi nikabaki kujisifu kwa wateja kwamba bila mimi angekufa.

Kumbe hali yake ilikuwa inapanda na haisimami. Akaacha kulala. Akagawa sufuria, vitenge, mbegu. Jumapili moja katikati ya misa akaenda mbele altareni, akaanza kuhubiri, padri kasimama pembeni hajui afanye nini. Siku iliyofuata akaondoka kwa miguu, mtoto mgongoni. Walimkuta kando ya barabara ya porini, nyayo zimechanika, mtoto amekaukiwa hata machozi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini shemeji akawachukua watoto wote wawili, akawapeleka kwa mama yake, kule Kabungu.

"Shemeji," aliniambia kwenye simu, "siwezi kuwaacha watoto na mtu ambaye hata daktari hajui anaumwa nini."

Nikamkatia simu, nikamgeukia mteja aliyekuja kuchukua gauni lake na kumfokea. Hakuwa amenikosea chochote.

Oktoba tukarudi kliniki, watatu wale wale. Daktari akafungua faili, akarudia lile swali. Safari hii nilisema. Nilisema siku sita, mkeka, soda, jaruba la nne, miche ya njano, yote. Daktari hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alitueleza kwamba huu si ugonjwa wa sonona peke yake, ni ugonjwa wa pande mbili, unamshusha mtu na kumpandisha, na kwamba dawa ile ikitumika peke yake kwa mtu kama huyu inaweza kumpandisha zaidi. Akabadilisha dawa. Shemeji alitazama sakafu muda wote. Mdogo wangu hakusikia hata neno, alikuwa dirishani anawahutubia waliokaa nje.

Watoto walikaa Kabungu miezi saba. Waliporudi Mamba, yule mtoto mdogo alimkimbia mama yake, akawa anamlilia bibi. Nilikuwepo. Nilimwona mdogo wangu amenyoosha mikono na hakuna anayekuja.

Sasa ametulia. Analala, anameza dawa, mtoto amemzoea tena. Januari hii nimekwenda Mamba, majaruba yangu nikayaacha kwanza, nikaingia kwenye lake. Mikono yangu imezoea cherehani, kiuno kikaanza kulia kabla ya saa nne. Yeye alikaa kwenye tuta na mtoto mapajani, ananicheka mistari yangu ilivyopinda. Hapo ndipo nilipomweleza. Nilieleza nikiwa nimeinama, naendelea kupandikiza, maana kumtazama nilishindwa. Nikamwambia siku ile ya sita niliona kabisa si mzima, na nikamwambia ni kwa nini nilimjibia daktari. Nikamwomba anisamehe.

Aliningoja nifike mwisho wa mstari.

"Hiyo siku ya sita," akauliza, "niliomba kupumzika?"

"Hukuomba."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akamhamishia mtoto paja la pili, akamfuta tope mguuni.

"Basi hapo ndipo ungejua naumwa, dada."