Kilichopita Usoni

Kwetu milimani, msiba hauambiwi mtu aliye mbali. Hutumwa ndugu kumfuata, naye husema tu kwamba kuna mgonjwa. Ukweli utaukuta nyumbani, penye mikono ya kukushika.

Kwa hiyo baba mdogo alipotokea ufukweni Mbamba Bay, nikiwa naanika usipa, dagaa wa ziwa letu, nilimsalimia huku nikimkagua. Mimi hununua kwa wavuvi. Mvuvi akiniapia kwamba ziwa limenuna, namtazama pembe ya mdomo tu, najua mtumbwi umejaa. Nilijisifu sana kwa hilo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wako anaumwa kidogo. Twende nyumbani."

"Na mama?"

Kope zilimshuka, shavu likamcheza mara moja, kisha akatabasamu.

"Mama yupo."

Nikajua mama amekufa. Mdogo wangu wamemtaja kunizuga tu, nikawaza.

Sikulia. Usipa nilimwachia jirani, nikapanda basi na baba mdogo. Njia nzima ya kupanda Mbinga nilimzika mama kona kwa kona: nikamwosha, nikamvisha, nikamtupia udongo. Stendi baba mdogo alininunulia ndizi ya kuchoma, nikaila yote bila kusikia ladha. Sikumuuliza kitu. Ningeuliza nini, na uso wake ulishasema?

Bodaboda zilitufikisha nyumbani Litembo jioni. Wanaume waliokuwa wakiota moto uani waliinuka waliponiona. Ndani, wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, na katikati yao, ameegemea ukuta, alikuwa mama. Mzima.

Furaha ilinipanda kabla sijaizuia. Sijui ilikaa usoni kwa muda gani, labda kupepesa jicho tu, lakini mama alikuwa ameshainua kichwa kunitazama. Pembeni yake, chini ya shuka jeupe, alilala mdogo wangu.

"Umefika," mama alisema, akanisogezea nafasi mkekani.

Niliketi. Wanawake wenzangu waliangua kilio upya kwa ajili yangu, mimi chozi halikuja. Tulizika kesho yake.

Jambo lile hatujalizungumza hadi leo. Nikipanda kumsalimia ananipokea vizuri, ananipikia, ananiuliza habari za ziwani. Ila tukiongea, mama hutazama mikono yangu.