Komeo la Upande wa Ndani

Fundi Randa, seremala wa mtaa, alikuwa na maneno mengi kuliko misumari. Mchana kutwa randa mkononi, mpaka jina likamganda. Milango ya maduka yote pale ni kazi yake, na ukitaka ugomvi naye, mwambie mlango wake unakwaruza sakafu.

Basi mtaa ulipoamua kujenga nyumba ya kulala watu wasio na makazi, Randa aliitikia kabla hajaombwa. Wapo walionung'unika, eti mtatuletea wezi. Nesi mstaafu aliyesimamia ujenzi akawaambia kwamba watu hao wako hapa hapa tangu zamani, wanalala vibarazani kwenu, na mvua inawanyeshea mkiona. Wakanywea. Mwashi akatoa siku zake za mapumziko, mwenye duka la vifaa akaleta mabati, na hata yule mnung'unikaji mkuu akaonekana anabeba mchanga. Amenuna, lakini anabeba.

Randa alikuwa na lake moyoni. Kwenye kibaraza cha duka la viatu alilala kaka yake wa tumbo moja, ndiye aliyemlea Randa baada ya baba yao kufariki. Kazi ilimwishia, nyumba ikamponyoka, na kuhamia kwa Randa akakataa katakata. Mke wa Randa alishamtandikia kitanda, akabembeleza mpaka akachoka. Kaka alisema hawezi kuwa mgeni wa mtoto aliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu. Sasa kifua kilikuwa kinambana, anakohoa mpaka anashika ukuta, na mvua kubwa zilikaribia. Randa aliogopa, tena aliogopa kweli, kwamba asubuhi moja atamkuta pale kibarazani hana uhai. Ile nyumba mpya ilikuwa na vyumba vidogo, kila mtu na chake, wala huingii kwa hisani ya ndugu. Huko labda angekubali.

Milango yote akaitengeneza yeye, akaipiga randa mpaka ikang'aa. Siku ya ufunguzi akamshika kaka yake mkono, wakaingia nusu ya mtaa ikitazama. Kaka akafika kwenye chumba chake, akasimama, akalipapasa komeo.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "mimi ni gunia?"

Randa akatazama. Komeo lilikuwa nje. Milango yote, komeo nje! Maisha yake yote ametengeneza milango ya maduka na stoo, ambako mwenye mali hufunga kwa nje akaenda zake, na mkono ukafuata mazoea, akili imelala. Aliye ndani hakuwa na pa kujifungia. Wa nje ndiye angemfungia. Kaka hakugomba. Aligeuka akarudi kibarazani kwake, anakohoa.

Masikini Randa! Mwashi alianza kucheka, akaona Randa hacheki, akaenda kuchukua tindo. Nesi alikiri kwamba wote waliisifia milango ile na hakuna aliyeona kitu. Mchana kutwa wakang'oa makomeo, wakatoboa miimo ya milango, wakayapiga upya kwa ndani, mnung'unikaji akishikilia mbao na kunung'unika kama kawaida yake. Jioni mawingu yametanda, kazi ikaisha.

Randa akaenda kibarazani. Safari hii hakumshika mkono.

"Kaka, komeo nimelihamisha," akasema. "Sasa ni lako. Ukitaka kunifungia nje mimi mwenyewe, nifungie."

Kaka akamtazama, akainuka, akachukua mfuko wake, akatangulia. Aliingia chumbani bila kugeuka, na komeo likasikika kwa ndani. Watu wakatawanyika, mvua ikaanza kugonga mabati.

Randa alibaki kwenye korido, kwapani ana blanketi alilopewa na mkewe. Miaka yote ile alikuwa akimwendea kaka yake moja kwa moja, kama walivyofanya walinzi na mbwa na kila apitaye, maana kibaraza hakina pa kubisha. Akakohoa kidogo, akagonga.

"Hodi."

Kitanda kikalia.

"Nani?"

"Mimi, mdogo wako."

"Subiri," kaka akasema, "nakuja kukufungulia."

Randa akasubiri, na kama angeambiwa asubiri mpaka kuche, angesubiri.